KUUSOMA MCHORO HURU WA WINO NA RANGI YA MAJI ULIOTOKANA NA SHAIRI: MFANO KUTOKA UWANDA WA KATI WA TANZANIA

1.0 UTANGULIZI

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umejengwa zaidi juu ya sikio na juu ya maandishi. Shairi huhesabiwa mizani, hupimwa vina, huchambuliwa dhamira na matumizi ya lugha. Mchoro unaowekwa kando ya shairi hilo katika diwani, katika kitabu cha kiada au katika maonyesho ya wanafunzi hupata nafasi finyu. Mara nyingi huitwa pambo, na mhakiki huupita kama mgeni apitavyo mlango ulionakshiwa akiwahi mazungumzo ya ndani.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba mchoro wa namna hiyo unaweza kusomwa kwa utaratibu, na kwamba nyenzo za kuusoma tayari zimo katika taaluma ya isimu na ushairi wa Kiswahili. Aina inayoshughulikiwa ni mchoro huru wa wino na rangi ya maji, yaani mchoro ambao mistari yake ni michache na haifungi kila umbo, na ambao rangi yake imeachwa itiririke na kuvuka mipaka ya mistari. Hoja inayotetewa ni kwamba uhuru huo, unapotumiwa na mchoraji aliyelisoma shairi kwa makini, hauwi upungufu wa ustadi. Huwa ni njia ya kuhifadhi yale ambayo sarufi ya shairi yenyewe imeyaacha wazi.

2.0 MAANA YA UHURU KATIKA MCHORO

2.1 Vifaa na tabia zake

Mchoro wa aina hii una sauti mbili. Sauti ya kwanza ni ya wino. Mstari wa wino ukishawekwa haufutiki kwa urahisi. Ni kauli iliyokwisha kutoka kinywani. Sauti ya pili ni ya rangi ya maji. Hii hutandazwa kwa burashi kama utando mwembamba unaoruhusu karatasi ionekane chini yake. Aghalabu mchoraji wa rangi ya maji hatumii rangi nyeupe: weupe wa picha ni weupe wa karatasi, na mwanga hupatikana kwa kuacha, si kwa kuongeza.

Mpangilio wa kazi nao una maana. Mchoraji akianza na wino usioyeyuka kwa maji, kisha akatandaza rangi, mstari hubaki imara na rangi huufuata. Akitumia wino unaoyeyuka, maji huuvunja mstari, nao hugeuka kivuli. Akianza na rangi, kisha akaweka wino baada ya rangi kukauka, mstari huja kama uamuzi wa mwisho juu ya jambo lililokuwa likisitasita. Msomaji wa mchoro anapaswa kwanza kutambua ni lipi lililotangulia, kwa sababu mpangilio huo ndio unaoonyesha kipi kimekuwa msingi na kipi kimekuwa maelezo.

2.2 Uhuru na mgogoro wa mashairi huru

Neno "huru" limetumiwa hapa kwa makusudi. Katika miaka ya 1970 wanataaluma na washairi wa Kiswahili waligawanyika kuhusu mashairi yasiyofuata vina na mizani. Diwani ya Euphrase Kezilahabi iitwayo Kichomi (1974), na ile ya K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi iitwayo Malenga wa Bara (1976), zilikuwa miongoni mwa kazi zilizouchochea mjadala huo. Wanamapokeo walishikilia kwamba utungo usio na vina na mizani hauwi shairi. Wanamabadiliko walijibu kwamba kiini cha ushairi kimo katika uteuzi wa lugha, taswira na mdundo wa ndani, na kwamba vina na mizani ni njia mojawapo tu.

Mjadala huo umeacha fundisho linaloufaa uhakiki wa michoro. Kutokuwapo kwa kanuni moja inayoonekana hakuthibitishi kwamba hakuna kanuni yoyote. Lakini upande wa pili nao ulikuwa na haki yake: si kila utungo uliovunjwa mistari ni shairi huru, na si kila karatasi iliyomwagiwa rangi ni mchoro huru. Kazi ya mhakiki ni kutofautisha uhuru na ulegevu, na kazi hiyo haifanyiki kwa kauli ya jumla. Hufanyika kwa kuangalia mstari mmoja baada ya mwingine.

3.0 UWANDA WA KATI KAMA MAHALI PA MFANO

Uwanda wa kati wa Tanzania, na hasa eneo la Dodoma, unafaa kuwa mahali pa mfano kwa sababu tatu.

Kwanza, eneo hili lina nafasi yake katika historia ya ushairi wa Kiswahili. Mathias Mnyampala (1917–1969), mwenyeji wa Ugogo, aliandika historia na mila za Wagogo katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1954, akatunga mashairi, na anakumbukwa kwa kuuendeleza utanzu wa ngonjera, yaani majibizano ya kishairi, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Ngonjera za Ukuta zilichapishwa baada ya kifo chake, mwaka 1970 na 1971. Ushairi wa Kiswahili, kwa hiyo, si mali ya pwani pekee, na taswira zake hazina budi kuhusisha mbuyu, vumbi na mtama kama zinavyohusisha jahazi na mawimbi.

Pili, eneo hili lina mapokeo makongwe ya picha. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, inajumuisha picha nyekundu za watu na wanyama, na pia picha nyeupe zinazohesabiwa kuwa za baadaye. Baadhi ya watu katika picha nyekundu wamerefushwa miili na kuchorwa kwa mistari myembamba. Hawana fremu inayowazunguka, wala mstari wa ardhi chini ya miguu yao. Mahali pengi picha moja imechorwa juu ya nyingine bila ile ya chini kufutwa. Baadhi ya mapango hayo, kama Mongomi wa Kolo, yameendelea kuhusishwa na matambiko ya jamii za jirani, yakiwamo ya kuomba mvua. Haitakuwa sahihi kudai kwamba mchoraji wa leo anayetumia karatasi na wino ni mrithi wa moja kwa moja wa wachoraji hao. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba uchache wa mstari na nafasi iliyoachwa tupu si mambo mageni katika ardhi hii. Jicho lililozoea michoro ya Tingatinga, ambayo rangi yake nzito hujaza umbo lote ndani ya mipaka iliyo wazi, linaweza kuuona mchoro huru kuwa haujakamilika. Kondoa inalikumbusha jicho hilo kwamba ukamilifu una sura zaidi ya moja.

Tatu, hali ya hewa yenyewe huingia katika kazi. Dodoma iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake, ambayo kwa kawaida hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Katika hewa kavu ya kiangazi rangi ya maji hukauka upesi. Mchoraji wa pwani huwa na muda wa kutosha kuchanganya tando mbili zikiwa bado mbichi. Mwenzake wa Dodoma huukuta ukingo umekwisha kukauka na kuacha alama kali. Kwa hiyo ukingo mkali katika mchoro wa uwanda wa kati usihesabiwe kosa kwa haraka. Huenda ni saini ya mahali.

4.0 UBETI WA MFANO

Ubeti ufuatao umetungwa kwa ajili ya uchambuzi huu. Una kina cha kati "ni" na kina cha mwisho "ia".

Amesimama mbuyuni, mbali anatazamia,
Wingu halimo angani, vumbi ndilo laingia,
Ingenyesha mabondeni, mtama ungesalia,
Hasemi neno kinywani, bali anavumilia.

Roman Jakobson (1959) aliainisha tafsiri katika aina tatu: ndani ya lugha moja, kati ya lugha na lugha, na kati ya lugha na mfumo mwingine wa ishara. Kuuchora ubeti huu ni kufanya tafsiri ya aina ya tatu. Kama ilivyo kwa tafsiri yoyote, ugumu hauko katika nomino. Mbuyu huchoreka, bonde huchoreka, mtama huchoreka. Ugumu uko katika viambishi.

4.1 Kiambishi "a-" na mtu asiyetajwa jinsi

Mshororo wa kwanza hausemi ni nani aliyesimama. Kiambishi cha nafsi "a-" hakibagui mwanamume na mwanamke, mzee na kijana. Mfasiri anayeupeleka ubeti huu katika Kiingereza mara nyingi husukumwa kuchagua jinsi kwa sababu viwakilishi vya nafsi ya tatu umoja katika lugha hiyo kwa kawaida hubainisha jinsi. Mchoraji wa mistari iliyofungwa hubanwa vivyo hivyo: akichora nywele, vazi na uso kwa ukamilifu, amekwisha kuamua jambo ambalo mshairi hakuliamua.

Suala hili si dogo. Mwanafunzi anayekiona kitenzi "amesimama" pembeni ya picha ya mwanamume mwenye jembe hujifunza, bila kuambiwa, kwamba mkulima wa shairi ni mwanamume. Picha imeongeza taarifa na kuipitisha kama maelezo. Mchoro huru una njia ya kuliepuka kosa hilo. Mstari mmoja wa wino unaweza kutoa mgongo, shingo na mkono uliokinga jua. Utando wa rangi ya kahawia unaweza kuwa vazi la yeyote. Mtu yupo, amesimama, anatazama mbali, na jinsi yake imebaki wazi kama ilivyo katika sarufi. Hapo ndipo pa kuuthamini mchoro: mchoraji hakushindwa kuchora uso, bali ametafsiri kiambishi "a-".

4.2 Ukanushi

"Wingu halimo angani." Picha haina kiambishi cha ukanushi. Ukichora wingu, umesema lipo. Ukiliacha, hujasema lolote kulihusu. Huu ndio mpaka wa zamani kati ya lugha na picha, na hauvukwi kwa kuchora wingu kisha kulikata kwa mstari, kama alama ya barabarani inayokataza.

Rangi ya maji, hata hivyo, ina karatasi tupu. Nafasi isiyopakwa inaweza kusomwa kuwa ukanushi iwapo kitu kingine katika picha kinaifanya isubiriwe. Mtu wa mshororo wa kwanza anatazama. Macho yake, mwelekeo wa shingo yake na tawi la mbuyu lililonyooshwa upande huohuo humpeleka mtazamaji mahali fulani pa anga. Anapofika hapo hakuti kitu. Mtazamaji naye ametafuta wingu akalikosa. Bila mwelekeo huo, anga tupu ni karatasi tu. Kwa hiyo mhakiki asiulize kama mchoraji ameacha nafasi, kwa kuwa kuacha nafasi ni rahisi. Aulize ni nini ndani ya picha kinachoifanya nafasi hiyo isomwe kama "halimo".

4.3 "Ndilo" na tatizo la vumbi

Kipande cha pili cha mshororo huohuo kina msisitizo: si wingu, vumbi ndilo laingia. Vumbi kwa asili halina ukingo, na kwa sababu hiyo mchoraji angependa kulipa utando hafifu wa rangi nyekundu. Lakini ubeti umelitilia mkazo kuliko kitu kingine chochote. Likichorwa kwa udhaifu, msisitizo wa "ndilo" unapotea.

Suluhisho mojawapo limo katika tabia ya wino iliyoelezwa hapo juu. Mstari wa upeo wa macho ukichorwa kwa wino unaoyeyuka, kisha utando wa vumbi ukapitishwa juu yake, mstari huvunjika na kuingia ndani ya rangi. Vumbi halijapewa mstari, limeula mstari. Nguvu yake inaonekana katika kile kilichoharibika. Mtazamaji asiyejua anaweza kudhani kwamba mchoraji alikosa subira na kulichafua karatasi lake. Aliyesoma ubeti atatambua kwamba mahali pekee ambapo wino umeshindwa ndipo ambapo shairi limesema "ndilo".

4.4 Hali ya "-nge-" na mvua isiyotajwa

Mshororo wa tatu ndio mgumu kuliko yote. Neno "mvua" halimo kabisa katika ubeti. Kinachoiwakilisha ni kipatanishi "i-" katika kitenzi "ingenyesha". Mvua imebaki herufi moja, na hiyo nayo imefungwa ndani ya hali ya masharti yasiyotimia. Umbo limebeba dhamira: kama mvua isivyokuwapo mashambani, ndivyo nomino yake isivyokuwapo katika shairi.

Mchoraji anayeweka matone ya mvua na mtama uliostawi amefuta kiambishi "-nge-" na kuandika "imenyesha". Mchoraji asiyeweka lolote amefuta mshororo mzima. Kati ya makosa hayo mawili ipo njia, nayo inategemea mkataba ambao mchoro umejiwekea tangu mwanzo: kilicho na mstari kinadaiwa kuwapo. Mtu ana mstari, mbuyu una mstari. Utando wa kijani hafifu ukitandazwa bondeni bila mstari wowote wa wino, mtazamaji ataona rangi ya mtama pasipo mtama. Rangi isiyo na mstari ni jambo linalofikiriwa, halijathibitishwa. Hivyo wino huwa hali ya kuarifu, na utando usio na wino huwa hali ya "-nge-".

Mkataba huu haupo katika kila mchoro duniani. Hujengwa upya ndani ya kila kazi, na mhakiki anapaswa kuuthibitisha kwa kuangalia kama mchoraji ameufuata pote. Kama mbuyu nao umechorwa kwa rangi bila mstari, basi kijani cha bondeni hakiwezi kuwa cha masharti, kitakuwa kimesahauliwa.

5.0 UMBO LA SHAIRI NA UMBO LA KARATASI

Gotthold Ephraim Lessing, katika kitabu chake Laokoon (1766), alitofautisha ushairi na uchoraji kwa kusema kwamba ushairi hutendeka katika wakati na uchoraji katika nafasi. Tofauti hiyo inasaidia kuuliza swali jingine: je, umbo la ubeti, yaani vina, mizani na kituo, linaweza kuonekana?

Mshororo wa tarbia una vipande viwili, ukwapi na utao, na kati yake pana pumziko. Mchoro unaweza kulipa pumziko hilo nafasi: shina la mbuyu likiwekwa katikati, upande mmoja huwa wa mtu aliyesimama na upande wa pili huwa wa kile anachokitazama. Kina cha kati kinachorudi katika kila mshororo kinaweza kupata mwangwi katika alama fupi za wino zinazorudi kwa umbali unaokaribiana, kwa mfano mabua makavu. Alama hizo hazihitaji kuwa nane na nane. Zinatakiwa tu zilifanye jicho litarajie, kama kina kinavyolifanya sikio litarajie.

Kwa upande wa ngonjera tatizo ni la namna nyingine, kwa kuwa wahusika hupingana, kisha aghalabu hufikia mwafaka. Mchoro wa kawaida huwaweka watu wawili wakitazamana vinywa wazi, na hapo huonyesha kwamba wanasema, bila kuonyesha kwamba mmoja ameshawishika. Rangi ya maji inaweza kuubeba mwendo huo: tando mbili za rangi tofauti zinazoanzia pembe mbili za karatasi na kukutana zingali mbichi huzaa rangi ya tatu isiyokuwa ya upande wowote. Katika hewa ya Dodoma mchoraji atalazimika kufanya haraka, au kuilowesha karatasi kwanza, la sivyo mahali pa mwafaka patabaki na ukingo mkali, na mjadala utaonekana kuwa haujesha.

6.0 PINGAMIZI NA VIGEZO

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kudaiwa kwamba usomaji wa namna hii unaifanya picha kuwa mtumwa wa sarufi, na kwamba mchoraji ana haki ya kutofautiana na shairi. Haki hiyo ipo. Mchoraji anaweza kumpa mtu wa mbuyuni uso wa bibi kizee, akasisitiza kwamba wanaongoja mvua kwa muda mrefu zaidi ni wanawake. Huo utakuwa ufafanuzi wenye hoja yake. Lakini kutofautiana ni jambo la hiari kwa yule tu anayejua anatofautiana na nini. Mchoraji ambaye hakuona kwamba "a-" haina jinsi hajatofautiana na shairi, hajalisoma.

Kutokana na uchambuzi huu, vigezo vinne vinaweza kupendekezwa kwa anayeuhakiki mchoro huru uliotokana na shairi:

(a) Mkataba wa mstari na rangi: je, mchoro una kanuni ya ndani kuhusu kinachopewa wino na kinachonyimwa, na kanuni hiyo imefuatwa?

(b) Uaminifu kwa kilichoachwa wazi: je, picha imeongeza taarifa ambayo shairi liliizuia? Kama imeongeza, nyongeza hiyo ina hoja?

(c) Kazi ya utupu: je, nafasi isiyopakwa inaelekezwa na kitu kingine, au imebaki karatasi tu?

(d) Jaribio la kuondoa: je, doa au mchirizi fulani ukifunikwa kwa kidole, maana ya picha inapungua? Isipopungua, huo ni ulegevu. Ikipungua, huo ni uhuru.

Kigezo cha mwisho ndicho rahisi kufundishia darasani, na ndicho kinachomlinda mwanafunzi dhidi ya makosa mawili yanayokaribiana: kuudharau mchoro kwa kuwa hauna mistari iliyofungwa, na kuusifu kwa sababu hiyohiyo.

7.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba mchoro huru wa wino na rangi ya maji unaweza kusomwa kwa nyenzo za isimu ya Kiswahili, na kwamba usomaji huo huanzia katika viambishi kabla ya kufika katika nomino. Nafsi isiyobagua jinsi, ukanushi, msisitizo na hali ya masharti ni mambo yanayoipa taabu kalamu inayotaka kufunga kila umbo. Mchoro huru, kwa kuwa una njia ya kudai na njia ya kutodai, unaweza kuyabeba.

Faida ya usomaji huu hurudi pia kwa shairi. Mwanafunzi anayeulizwa kwa nini bonde limepakwa kijani bila mstari atalazimika kuurudia ubeti na kugundua kwamba neno "mvua" halimo. Aliupita mshororo huo mara kadhaa akidhani amelisoma neno hilo, kwa sababu akili yake ilikwisha kulijaza. Picha iliyoacha pengo mahali pake ndiyo iliyomrudisha kwenye kipatanishi "i-", na kwa mtu wa mbuyuni ambaye bado anakitazama kisichokuja.